Kalamu ni Amana: Muislamu Mbele na Nyuma ya Dirisha la Ofisi

Mhadhara wa mwezi wa Ramadhani 1446, uliotolewa baina ya Alasiri na Magharibi mbele ya jumuiya yetu, Queensbury, London. Umeandikwa kutoka katika rekodi ya sauti.

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemtukuza binaadamu kwa elimu na kwa kalamu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahali zake, masahaba zake na wote waliofuata uongofu wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.



Siku zilizopita za mwezi huu tumezungumza habari za Qur'ani, za kisimamo cha usiku na za zaka. Leo tumeombwa tuzungumze jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka linaonekana halina mahali katika darsa ya Ramadhani, nalo ni taabu za maofisini. Ukweli ni kwamba hapana nyumba katika jumuiya hii isiyokuwa na bahasha ya kahawia juu ya kabati. Ndani yake mna barua ambayo mwenyewe ameisoma mara tatu na hakuielewa, au ameielewa na anaogopa kuijibu. Wapo kati yetu wanaofunga saumu wakiwa na wasiwasi wa makaazi kuliko wasiwasi wa njaa. Jambo linalokaa kifuani mwa muumini kwa namna hiyo haliwezi kuwa nje ya dini yake.

Tuanze na Kitabu cha Mwenyezi Mungu.

Tukiulizwa ni aya ipi iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, wengi wetu tungedhani ni aya ya sala, au ya Hija, au ya sifa za Pepo. Sivyo. Ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, nayo inazungumzia maandishi. Waumini wanaamrishwa humo kuandika deni lenye muda. Mwandishi anaamrishwa kuandika kwa uadilifu, na anakatazwa kukataa, kwa sababu ujuzi wake hakuupata kwa nguvu zake. Ni Mwenyezi Mungu aliyemfundisha. Mashahidi wanakatazwa kugoma wanapoitwa. Wote wanakatazwa kuchoka kuandika, jambo liwe dogo au kubwa. Kisha inakatazwa kumdhuru mwandishi na shahidi. Na mwenye haki juu yake, akiwa dhaifu au hawezi kueleza mwenyewe, basi walii wake aeleze kwa niaba yake kwa uadilifu.

Tuizingatie aya hii vizuri. Wahenga wetu wa pwani walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na Qur'ani ilikwisha kutufundisha kabla yao kwamba karatasi ni ngome ya haki. Kwa hiyo Uislamu haukuja kuwapinga makarani. Umekuja kuwawekea adabu. Umemwambia mwenye kalamu kwamba kalamu ile ni amana, na ukamwambia asiyeweza kujieleza kwamba hakuachwa peke yake.

Na tutazame tena sura hiyohiyo. Aya za saumu, tunazozisoma kila Ramadhani, zinaanza aya ya 183 na kumalizika aya ya 187. Mara tu baada yake, aya ya 188 inatukataza kulana mali kwa dhulma, na kuzipeleka mali hizo kwa wenye mamlaka ili sehemu ya haki za watu iliwe kwa dhambi. Wanazuoni wameona hekima kubwa katika mpangilio huu. Mtu aliyejizuia na maji ya halali kuanzia alfajiri, atafuturu vipi kwa riziki ya haramu? Saumu imemfundisha kuacha kilicho chake. Basi kisicho chake ana haki zaidi ya kukiacha.

Ndugu zetu, kwa nini karatasi ina uzito mkubwa hivi kwa watu wetu? Kwa sababu historia yetu imeandikwa kwa karatasi tulizonyimwa na karatasi tulizolazimishwa kuzibeba.

Huko Kenya, mpaka leo wazee huita kitambulisho kwa jina la kipande. Neno hilo limetoka katika sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume wa Kiafrika aliyefika umri wa miaka kumi na sita alitakiwa kubeba waraka wenye alama za vidole na habari za kazi yake, na wengi waliuvaa shingoni ndani ya kikasha cha bati. Karatasi ile haikuwekwa ili kulinda haki ya aliyeibeba. Iliwekwa ili ajulikane alipo.

Uhuru ukaja, na mambo yakageuka. Taabu ikawa si kulazimishwa kubeba kipande, bali kukikosa. Tuwataje Wanubi wa Kibera, ndugu zetu katika imani. Babu zao waliletwa kutoka Sudan wakiwa askari wa jeshi la Waingereza. Wajukuu wao, wakifika umri wa miaka kumi na minane, walisimamishwa mbele ya kamati za uchunguzi, wakaulizwa nyaraka za babu na bibi, huku kijana wa kabila jingine akipita dirisha la pili bila maswali hayo. Mwezi wa Machi 2011 kamati ya wataalamu wa Umoja wa Afrika inayosimamia haki za mtoto iliamua kwamba watoto wa Kinubi wamedhulumiwa katika suala la uraia. Jamii nyingine za Waislamu, pwani na kaskazini mashariki, zimeijua kamati hiyo ya uchunguzi kama wanavyoijua njia ya nyumbani kwao. Mwezi wa Februari 2025, Rais wa Kenya alitangaza akiwa Wajir kwamba utaratibu huo wa kuwachuja watu wa kaunti za mpakani umeondolewa. Tunamuomba Mwenyezi Mungu tangazo liwe utekelezaji.

Na tuwataje Wapemba wa Kilifi, Kwale na Mombasa. Hawa ni wavuvi. Wazee wao walifuata samaki na upepo kutoka kisiwani Pemba, na wengine walivuka baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964. Wakazaliana Kenya, wakazikana Kenya, lakini kwa miongo mingi hawakuhesabiwa kuwa Wakenya wala kuwa Watanzania. Mvuvi asiye na kitambulisho hapati leseni ya kuvua kwa jina lake. Hasajili laini ya simu, hafungui akaunti ya benki, na mtoto wake akimaliza shule milango inamfungia. Bahari ilikuwa ileile na samaki walewale, lakini samaki waliuzwa kwa jina la mtu mwingine. Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwatambua rasmi, na mwezi wa Julai mwaka huo wakaanza kukabidhiwa nyaraka zao mjini Kilifi.

Kabla yao Wamakonde, waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi mwezi wa Oktoba 2016 kumtafuta Rais wa nchi. Vizazi vizima vilikuwa vimeambiwa njoo kesho. Walipoona kesho haifiki, wakaifuata wenyewe.

Sasa tuje hapa tulipo. Tunaoishi Queensbury tunapita kila siku mbele ya maduka ya majirani zetu wa Kigujarati, na mara nyingi mzee wa dukani hutujibu kwa Kiswahili cha Nairobi, cha Kampala au cha Dar es Salaam. Baadhi ya wazee hawa walikuwa na pasipoti za Uingereza mikononi mwao. Mwaka 1968, walipoanza kuondoka Kenya kwa wingi, Bunge la hapa lilipitisha sheria kwa muda wa siku chache tu, na pasipoti zile zikawa hazimtoshi mtu kuingia nchini isipokuwa awe na mzazi au babu mwenye asili ya hapa. Karatasi ilikuwa halali jana, na leo mwenyewe amezuiliwa uwanja wa ndege.

Kisha likaja suala la kizazi cha Windrush. Watu waliokuja hapa kutoka nchi za Jumuiya ya Madola kabla ya tarehe 1 Januari 1973 walikuwa na haki ya kukaa, lakini wengi hawakupewa waraka wa kuithibitisha. Kuanzia mwaka 2012 sera ikabadilika, na mwajiri, mwenye nyumba na hospitali wakatakiwa kuuliza nyaraka. Kadi za kuingilia nchini, ambazo zingeweza kuwa ushahidi wa baadhi yao, zilikuwa zimekwisha kuharibiwa mwaka 2010. Watu waliofanya kazi na kulipa kodi miaka arubaini wakapoteza ajira na nyumba. Wengine walifungwa, na wengine walirudishwa katika nchi walizoziacha utotoni. Kashfa ilipofichuka mwaka 2018, waziri mhusika alijiuzulu, na mwaka 2019 ukafunguliwa mpango wa fidia. Lakini wapo waliofariki dunia kabla ya kulipwa. Na tunataka wazee wetu walielewe hili: mpango huo si wa watu wa visiwa vya Karibiani peke yao. Aliyetoka Kenya, Uganda, Tanganyika au Zanzibar na akaishi hapa tangu wakati huo, naye anaweza kuhusika.

Leo tumefika katika zama za hadhi isiyoshikika mkononi. Kadi za ukaazi zilimalizika muda tarehe 31 Disemba 2024, hata za wale wenye ruhusa ya kukaa daima, na mahali pake pakawekwa viza ya kielektroniki inayoonekana kwa simu na barua pepe. Kwa kijana hili ni jambo la dakika kumi. Kwa mama wa miaka sabini na tano, ambaye ruhusa yake ni muhuri wa wino ndani ya pasipoti iliyokwisha muda zamani, ni ukuta. Tumemshuhudia mama mmoja wa jumuiya hii akipokea habari ya msiba wa ndugu yake Mombasa. Hakulilia msiba peke yake. Alilia kwa kuwa hakujua, akienda kuzika, kama ataruhusiwa kurudi kwa wajukuu wake. Alipiga simu ofisi moja, akaambiwa ajaze fomu mtandaoni. Akasema hana mtandao. Akaambiwa maelezo ya asiye na mtandao yapo mtandaoni.

Ndugu zetu, tusicheke. Au tucheke kidogo, kisha tujiulize dini inasema nini.

Inasema kwanza na aliye nyuma ya dirisha. Na msidhani kwamba huyo ni Mwingereza tu. Katika safu hizi wamo wanaofanya kazi halmashauri, wamo wa mapokezi ya zahanati, wamo makatibu wa shule, na huko nyumbani ndugu zetu ni masheha, machifu, maafisa wa uhamiaji na makarani wa vizazi na vifo. Maneno haya yanatuhusu.

Imepokewa na Imam Muslim kutoka kwa Bibi Aisha, radhiya Llahu anha, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimuomba Mwenyezi Mungu amfanyie uzito yule atakayepewa jambo la umma huu kisha akawafanyia watu uzito, na amfanyie upole yule atakayewafanyia upole. Hii ni dua ya Mtume, na dua yake haina foleni. Na katika Abu Daud na Tirmidhi imepokewa kwamba mwenye kupewa jambo la Waislamu akajifungia mbali na haja zao, Mwenyezi Mungu naye atajizuia na haja yake. Muawiya alipoisikia hadithi hii, aliweka mtu maalumu wa kushughulikia haja za watu. Aliielewa kuwa ni amri ya kazi, haikuwa mawaidha ya kusikilizwa na kusahauliwa.

Na tutazame mfano wa Sayyidna Umar, radhiya Llahu anhu. Yeye ndiye aliyeanzisha diwani, yaani daftari la majina ya watu na stahiki zao katika hazina ya umma. Neno lile ndilo tunalolitumia mpaka leo tunaposema diwani wa halmashauri. Katika utaratibu wake, mtoto alikuwa haandikiwi fungu mpaka aachishwe ziwa. Kanuni hiyo ilikuwa na mantiki yake. Usiku mmoja, wanavyosimulia wanahistoria, Umar alikuwa akilinda msafara nje ya Madina, akasikia mtoto analia. Akamwendea mama, akamhimiza amtulize mwanawe. Mtoto akalia tena, akarudi tena, mpaka mwisho wa usiku akamuuliza mama yule kwa nini mtoto hatulii. Mama, asijue anazungumza na nani, akamwambia kwamba anamwachisha ziwa kabla ya wakati, kwa kuwa Umar haandiki jina la mtoto anayenyonya.

Umar aliposalisha Alfajiri, watu hawakuweza kufahamu kisomo chake kwa wingi wa kilio. Kisha akatangaza watu wasiwaharakishe watoto wao, kwani kila mtoto anayezaliwa atakuwa na fungu lake. Na akaandika hivyo katika miji yote.

Hapo pana somo kwa kila mwenye kutunga fomu. Kanuni ilikuwa nzuri kwenye daftari, na ilikuwa inamliza mtoto mchanga hemani. Umar hakusema mama amekosea kujaza, wala hakumwambia asubiri. Alijua kwamba daftari liliwekwa kwa ajili ya mtoto, na akalibadilisha daftari. Na hakulijua jambo lile kwa kuletewa ripoti. Alilijua kwa sababu alikuwa nje usiku, akisikia. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na ndiyo maana Mola wetu ametufaradhishia njaa mwezi mzima kila mwaka.

Dini inasema pia na aliye mbele ya dirisha. Jambo la kwanza ni kwamba subira siyo kunyamaza. Iko sura katika Qur'ani, sura ya 58, iliyopewa jina kwa sababu ya mwanamke aliyejadiliana na kushitaki. Ni Khawla binti Tha'laba. Mumewe alimtamkia tamko la zama za ujahili, lililomwacha asiwe mke wala asiwe huru. Hakurudi nyumbani akakaa na majonzi yake. Alirejea kueleza, akamshitakia Mwenyezi Mungu hali yake na ya watoto wake, mpaka ikateremka hukumu ya kumtetea yeye na wanawake wote baada yake. Basi anayekata rufaa dhidi ya uamuzi wa dhulma asidhani amepungukiwa na tawakkul. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na mnyonge naye aidai.

Jambo la pili ni hongo. Mtume, rehema na amani zimshukie, amemlaani mtoaji na mpokeaji. Na alipomtuma mtu mmoja kukusanya zaka, akarudi akisema hiki ni chenu na hiki nimezawadiwa, Mtume alipanda mimbari akauliza kama mtu huyo angekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, zawadi hizo zingemfuata? Tupime kwa mizani hiyo kila chai na kila kitu kidogo tunachoambiwa tutume ili pasipoti ya ndugu itoke haraka. Wapo wanazuoni waliosema kwamba aliyedhulumiwa haki yake ya wazi, na akakosa kabisa njia nyingine, dhambi ni ya mpokeaji. Lakini tusiifanye dharura kuwa desturi. Anayelipa ili awapite waliopanga foleni hakuikomboa haki yake. Amenunua haki ya mwenzake.

Jambo la tatu ni ukweli. Tusibadilishe tarehe ya kuzaliwa wala tusimwite mpwa mwana. Kinachoandikwa leo kwa uongo kitamtafuta mtoto huyo akiwa mtu mzima.

Sasa tuhitimishe kwa amali, kwa sababu elimu bila amali ni mti bila matunda.

Kila nyumba iwe na faili moja: vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa, pasipoti za zamani, barua zote. Pasipoti iliyokwisha muda isitupwe kamwe. Kila anayepiga simu ofisini aandike tarehe, saa na jina la aliyemjibu. Barua ijibiwe ndani ya muda wake. Katika mambo mengi ya posho za serikali muda wa kuomba uamuzi uangaliwe upya ni mwezi mmoja. Sheria ya hapa inampa mtu haki ya kuomba bila malipo nakala ya taarifa zake zinazoshikiliwa na ofisi yoyote. Njia za malalamiko zikikwama, mbunge wa eneo lako ni mtumishi wako, hata kama hukumpigia kura.

Kufungua akaunti ya viza ya kielektroniki ni bure, na mwenye muhuri wa zamani anaweza kuomba hadhi yake ihamishiwe huko bure pia. Asije mtu akamtoza mama yetu mamia ya pauni kwa jambo hilo. Ada ya kuomba uraia yenyewe imekwisha kuzidi pauni 1,600. Hatuna za kuwapa matapeli. Kutoa ushauri wa uhamiaji bila kusajiliwa ni kosa la jinai nchini humu, kwa hiyo ulizeni usajili kabla ya kutoa hata senti.

Na vijana wetu, hapa tunawageukia nyinyi. Tulisoma kwamba asiyeweza kueleza mwenyewe, walii wake aeleze kwa niaba yake kwa uadilifu. Nyinyi ndio mawalii hao. Kuanzia Jumamosi hii, baina ya Adhuhuri na Alasiri, patakuwa na meza hapa. Tunahitaji vijana wa kukaa na wazee, kuwasomea barua zao, kuwafungulia akaunti zao, na kuwaandikia anwani za mawakili waliosajiliwa pale jambo linapokuwa zito. Hamtatoa ushauri wa sheria; mtatoa macho yenu na subira yenu. Na siri ya mzee ibaki mezani. Wala msimwambie kwamba jambo hili ni rahisi. Kwenu ni rahisi. Yeye alivuka bahari akiwa na rika lenu, bila simu, akawaleta nyinyi mahali ambapo mnaweza kuliona rahisi.

Ewe Mola wetu, tukubalie saumu zetu. Wafungulie waliofungiwa milango, wape utambulisho walionyimwa, na wape kauli ya haki wasiosikilizwa. Utujaalie tukishika kalamu tuwe wapole, na tukisimama dirishani tuwe wakweli. Wasamehe wazee wetu waliotangulia mbele ya haki wakiwa bado wanasubiri jibu. Na Siku ambayo kila mmoja atakabidhiwa daftari lake, utujaalie tulipokee kwa mkono wa kulia. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.